Wengine Walilia, Wengine Walitoka Nje: Filamu ya Somme ya Mwaka 1916

Jumamosi moja ya kiangazi tulionesha filamu ya vita katika ukumbi wa vijana hapa Nyarugusu. Tangazo lilisema tu "FILAMU YA VITA, BURE", kwa hiyo watu walikuja wengi, wakitegemea helikopta, mabomu na steringi anayepigwa wee, mwisho anashinda. Kumbe niliyoiweka mimi ni filamu ya mwaka 1916. Haina rangi, haina sauti, haina steringi. Inaitwa The Battle of the Somme, yaani Vita vya Somme, na inakwenda dakika kama 75.

Mwanzoni vijana walicheka. "Wanatembea kama kuku!" mmoja akasema, na mwingine akapiga kelele tumwite DJ aje atafsiri, maana wamezoea banda la video ambako DJ anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya Wazungu. DJ hatukuwa naye. Nikasimama mimi pembeni ya skrini, kila yakitokea maandishi ya Kiingereza katikati ya picha nayasoma kwa Kiswahili. Basi wakatulia kidogo kidogo. Zilipoanza kuja picha za majeruhi, mzee mmoja wa zoni yetu aliinuka, akachukua fimbo yake, akatoka nje bila kusema neno. Mama mmoja aliyekuwa amekaa mstari wa tatu, yeye akasogea mbele, karibu kabisa na skrini.

Ilipoisha, ubishi ulienda mpaka saa tatu usiku. Vijana wakasema ni maigizo tu, mbona hatukusikia hata risasi moja. Yule mama akasema, "Siyo maigizo. Mtu anayeigiza hana macho yale." Mfanyakazi wa shirika moja aliyekuwepo akaniita pembeni na kuniuliza, kwa upole kabisa, kama niliona ni busara kuwawekea picha za vita watu waliokimbia vita.

Usiku ule sikuwa na jibu. Lakini nilipoanza kusoma habari za filamu yenyewe, nikakuta kwamba ubishi wetu ulishabishaniwa Uingereza miaka zaidi ya mia iliyopita, karibu kwa hoja zilezile, na watu wenye elimu na vyeo. Ndiyo maana naandika.

*

Tuanze na vita vyenyewe, kwa ufupi. Tarehe 1 Julai 1916, saa moja na nusu asubuhi, jeshi la Uingereza lilitoka kwenye mahandaki karibu na mto Somme, kaskazini mwa Ufaransa, likawashambulia Wajerumani. Siku hiyo moja tu Waingereza 19,240 walikufa. Ukiongeza majeruhi, waliopotea na waliotekwa, jumla ni 57,470. Siku moja. Mapigano yale yaliendelea mpaka tarehe 18 Novemba, na ukichanganya pande zote, waliouawa na kujeruhiwa walizidi milioni moja.

Kuna jambo moja ambalo sisi tunaotoka vijijini tutalielewa haraka kuliko wengine. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewaruhusu vijana wa mji mmoja, au wa kazi moja, waandikishwe pamoja na kupigana pamoja, ili wapate moyo. Mji mdogo wa Accrington ulitoa kikosi cha namna hiyo. Asubuhi ile vijana kama 700 wa kikosi hicho walikwenda mbele kuelekea kijiji cha Serre, na zaidi ya 580 kati yao wakauawa, wakajeruhiwa au wakapotea, wengi ndani ya nusu saa ya kwanza. Yaani mtaa mzima nyumba zote zinapata msiba wiki moja. Hakuna jirani wa kukupa pole, kwa sababu jirani naye amefiwa.

Wapiga picha walikuwa wawili tu, Geoffrey Malins na John McDowell. Kamera zao zilikuwa masanduku mazito ya mbao yanayosimama kwa miguu mitatu, na ili picha ipatikane mtu anazungusha mkono wa chuma kwa mwendo uleule bila kuchoka. Malins alikuwa upande wa kaskazini, karibu na Beaumont Hamel. Pale alisubiri mlipuko mkubwa chini ya kilima cha Hawthorn, ambako Waingereza walikuwa wamechimba njia ya chini kwa chini na kuijaza baruti. Baadaye aliandika kwamba alianza kuzungusha mapema mno, akawa na hofu kwamba utepe utamwishia kabla ya mlipuko. Haukuisha. Saa moja na dakika ishirini ardhi ikapanda juu kama mti, na mpaka leo ukiitazama picha ile unataka kurudi nyuma kwenye kiti.

McDowell alikuwa kusini, upande wa Fricourt na Mametz, ambako Waingereza walifanikiwa zaidi. Hili ni la kukumbuka. Kaskazini, mahali watu walipokufa kwa maelfu mbele ya bunduki za mashine, kamera haikuweza kwenda nao; kusini, mahali palipotekwa, kamera iliweza kuingia na kuonesha mateka na mahandaki yaliyokamatwa. Kwa hiyo filamu inaonesha ushindi mwingi kuliko uliokuwepo. Si kwamba mtu alikaa akapanga uongo. Kamera huonesha pale inapoweza kusimama, basi.

*

Filamu ilioneshwa kwa wageni waalikwa London tarehe 10 Agosti 1916. Siku hiyo ulisomwa ujumbe wa David Lloyd George, waziri wa vita, akiwahimiza watu waitazame. Tarehe 21 Agosti ikafunguliwa kwa wananchi katika majumba 34 ya London kwa mara moja, kisha ikaenda nchi nzima. Inakadiriwa kwamba katika wiki sita za kwanza ziliuzwa tiketi milioni 20, wakati nchi yenyewe ilikuwa na watu milioni arobaini na kitu. Mfalme George wa Tano aliitazama nyumbani kwake Windsor, naye akasema watu waione.

Na kumbuka, vita havijaisha! Watu wamekaa kwenye viti London, mpiga piano anapiga pembeni ya pazia, na wakati huohuo watoto wao bado wanakufa palepale Somme. Hii si filamu ya historia kwao. Ni habari za jana.

Sasa, walisema nini?

Wengi walikwenda kutafuta uso. Hili liliandikwa na kusemwa sana wakati ule. Katika filamu kuna vipande virefu ambavyo hakuna kinachotokea: askari wanapita tu mbele ya kamera, mstari baada ya mstari, wanatazama, wanacheka, mmoja anapunga kofia. Mtazamaji wa leo anachoka. Lakini mke au mama wa mwaka 1916 hakuchoka, maana katika mstari ule huenda akamwona wa kwake. Yule mama wetu wa mstari wa tatu naye alikazia macho vipande hivyohivyo. Nilimsikia akisema polepole, "Ona bale batoto banacheka. Habajue." Hakumaanisha filamu ya Uingereza, nadhani.

Wengine walikasirika. Aliyesikika kuliko wote ni Hensley Henson, mkuu wa kanisa kubwa la Durham. Tarehe 1 Septemba gazeti la The Times lilichapa barua yake. Hoja yake kwa maneno yangu ni hii: kifo cha askari si kitu cha kulipia kiingilio. Watu wanajazana kwenye majumba ya burudani kushibisha macho yao kwa mateso ya wanaume wanaokufa kwa ajili yao, na hiyo ni dharau kwa wafiwa, ni kuingia chumba cha msiba bila kubisha hodi. Mwenye jumba moja la sinema huko London alikubaliana naye kwa vitendo: alibandika tangazo mlangoni kwamba filamu ile hataionesha, kwa kuwa hapa ni mahali pa kuburudika, siyo chumba cha vitisho.

Niliposoma barua ya Henson nilimkumbuka yule mfanyakazi wa shirika. Na kusema kweli wote wawili wana hoja. Tusiwadharau watu wanaouliza kama picha inamuumiza anayeitazama. Yule mzee wetu alitoka nje. Sikumuuliza kwa nini, na sitamuuliza.

Lakini jambo lililonishtua ni majibu. Waliomjibu Henson kwenye gazeti lilelile hawakuwa wenye sinema wanaotetea biashara yao. Walikuwamo wafiwa wenyewe, wale ambao yeye alidhani anawasemea. Baba mmoja aliyempoteza mwanawe vitani aliandika kwamba ameitazama filamu mara mbili na ataitazama tena, kwa sababu anataka kujua maisha ambayo vijana wale waliishi na mateso waliyoyabeba kabla ya kufa. Hakutaka kulindwa asione. Alitaka kuwa na mwanawe pale, hata kama ni kwenye ukuta.

Mwingine ni Frances Stevenson, aliyekuwa karani wa Lloyd George. Kaka yake aliuawa Ufaransa mwaka 1915. Aliitazama filamu mwanzoni mwa Agosti, kabla ya umma, na akaandika katika kitabu chake cha siku kwamba alikuwa amejaribu mara nyingi kufikiria yale yaliyompata kaka yake, na sasa ameyajua. Anasema hatayasahau kamwe. Na anasema amefurahi kwamba alikwenda. Aliifananisha na kutazama mchezo wa kale wa Wagiriki wa mambo ya huzuni, ambao mtu anatoka akiwa ameumia na wakati huohuo amesafishwa.

Basi usifikiri upande mmoja kuna wafiwa na upande mwingine kuna wapenda burudani. Kati ya wafiwa wenyewe kulikuwa na anayetoka nje na anayesogea mbele. Nimeona watu wa mashirika, na hata viongozi wetu wa zoni, wakisema "jamii haitaki kuongelea vita" au "jamii inataka kusikilizwa". Jamii gani, jamani? Katika nyumba moja, mama anataka kusimulia, baba anawasha redio asisikie.

*

Askari nao waliiona. Ilioneshwa kwao kulekule Ufaransa, nyuma ya mstari wa mapigano, kwenye uwanja wa wazi. Ofisa mmoja, Rowland Feilding, alimwandikia mkewe mwezi wa Septemba 1916 habari za onesho kama hilo. Anasema picha zilikuwa za kweli kabisa, isipokuwa zimekosa ule mlio wa bunduki ambao ndio ubaya wenyewe. Mwanzoni aliona si vizuri kuwaonesha askari wapya ambao bado hawajaingia vitani. Halafu akapata habari ya askari mmoja aliyesikika akisema kwamba ni afadhali, sasa mtu anajua anachokwenda kukutana nacho. Ukimwachia akili yake tu atawaza mambo ya ajabu zaidi.

Angalieni, vijana wetu walisema ni uongo kwa sababu hakuna sauti. Askari aliyekuwa vitani alisema ni kweli, ila haina sauti. Maneno karibu yaleyale, lakini mmoja ameshasikia na mwingine hajasikia.

Sasa tufike kwenye lile la maigizo, maana hapo vijana wetu walikuwa na haki kuliko nilivyokubali usiku ule.

Katika filamu kuna kipande ambacho kila mtu hukikumbuka. Askari wanapanda kutoka kwenye handaki kwenda kushambulia. Mmoja, kabla hajafika juu, anateleza na kurudi chini, amekufa. Kisha wengine wanakwenda mbele kwenye moshi, na wawili wanaanguka. Kipande hiki kiliwatikisa Waingereza kuliko chochote. Mwandishi Rider Haggard, yule aliyeandika hadithi ambayo wazee wetu waliisoma shuleni kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, aliitazama filamu mwezi wa Septemba. Aliandika kwamba kilichomgusa kuliko vyote ni mtu yule anayeteleza: sekunde moja yuko mbioni kwa nguvu zake zote, sekunde inayofuata ni maiti.

Kipande hicho kimeigizwa.

Wataalamu wa Imperial War Museum, jumba la makumbusho la vita la London linaloitunza filamu hii, wamekichunguza kwa makini. Inaonekana kilipigwa nyuma ya mstari, mahali pa mazoezi. Askari hawakubeba mizigo ambayo askari wa siku ile walibeba. Kamera imesimama mahali ambapo mpiga picha angeuawa mara moja. Na mmoja wa wale "wafu" walioanguka karibu na waya, ukimtazama vizuri, anajiweka sawa, anakunja miguu yake apumzike. Nilikirudisha kipande hicho mara nne kwenye kompyuta na kweli, jamaa anakunja miguu! Nilicheka peke yangu saa sita usiku, halafu nikaona aibu kucheka.

Lakini sehemu kubwa ya filamu ni ya kweli. Wale askari waliokaa kwenye njia iliyozama karibu na Beaumont Hamel, wanaotazama kamera kwa macho ya mtu asiyelala, ni watu halisi waliokuwa wanasubiri kushambulia asubuhi ileile, na wengi wao hawakurudi. Kuna mwingine anapita kwenye handaki amembeba mwenzake mabegani, anaitazama kamera, anapita. Maandishi yanasema aliyebebwa alikufa dakika 30 baada ya kufikishwa. Hayo hayakuigizwa. Mpaka miaka ya karibuni familia nyingi za Uingereza zimejitokeza, kila moja ikisema yule aliyebeba ni babu yetu. Haiwezekani wote wakawa sahihi, maana mtu ni mmoja. Ila sithubutu kuwacheka.

Kwa hiyo hapa ndipo pagumu. Watu wa mwaka 1916 walililia kipande cha uongo na wakapita haraka kwenye kipande cha kweli. Askari anayekwenda kufa haonekani kama anakwenda kufa. Anavuta sigara. Aliyeigiza kifo alijua mtazamaji anataka nini, ndiyo maana akafa vizuri.

Wajerumani nao hawakukaa kimya. Januari 1917 walitoa filamu yao kuhusu mashujaa wao wa Somme, na sehemu kubwa ya mapigano yake ilitengenezwa nyuma ya mstari. Hiyo naipita.

*

Nimesema hoja za London zilifanana na zetu. Niseme sasa kwa nini nilikuwa na haraka ya kuisoma historia hii.

Vita vilipopamba moto tena huko kwetu ng'ambo ya ziwa, simu zetu zilijaa video. Kila mtu hapa anajua. Kundi la familia, kundi la kanisa, kundi la waliosoma shule moja, kila asubuhi kuna kitu kipya, na chini yake maneno: "Anayemjua huyu atoe taarifa kwa ndugu zake." Mama yangu hana simu kubwa. Huja kwangu, anakaa kwenye kigoda, anasema, "Mwanangu, fungua zile." Anamtafuta mdogo wake, mjomba wangu, ambaye hatujapata habari zake. Nafungua. Tunatazama watu wakitembea barabarani na magodoro kichwani, mstari baada ya mstari. Mama husema, "Simamisha." Nasimamisha. "Yule mwenye shati la bluu." Nakuza picha mpaka uso unakuwa vipande vipande vya rangi. Siyo yeye. "Endelea."

Siku moja ilikuja video mbaya sana, ya maiti nyingi, na maneno chini yakisema ni mji wa kwetu. Mama alilia, majirani wakaja, tukawasha moto nje kama watu waliofiwa. Kesho yake jirani mmoja anayejua mambo ya simu akatuonesha kwamba video ile ni ya zamani na si ya nchi yetu hata kidogo. Hata mavazi ya askari si ya kwetu, hata miti. Tulikuwa tumewalilia watu wengine. Nilimweleza mama. Alikaa kimya kidogo kisha akauliza, "Na hao, wa kwao wameshajua?"

Wiki iliyofuata alirudi na kigoda chake. "Fungua zile."

Tena, nani alipiga picha, alisimama wapi, na upande ambao kamera haikufika walikufa wangapi? Hayo ni maswali ambayo Malins na McDowell wangeweza kuulizwa, na aliyetuma ile video angeweza kuulizwa pia. Nilijifunza kuyauliza kwa ajili ya mama, siyo kwa ajili ya mtihani.

*

Kabla sijamaliza kuna jambo moja linalotuhusu sisi tulio katika mkoa huu wa Kigoma, na sikulisikia likisemwa popote siku niliposoma shule.

Mwaka huohuo wa 1916, miezi ileile, vita vilevile vilipita hapa. Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, askari wake Wakongomani, lilivuka kuja kupigana na Wajerumani. Mwisho wa Julai waliingia Kigoma. Tarehe 19 Septemba waliingia Tabora. Hesabu mwenyewe: Waingereza wanapanga foleni ya tiketi London, Rider Haggard anakaribia kwenda kuandika habari za mtu anayeteleza, na huku babu zetu wamebeba masanduku ya risasi na magunia ya chakula kichwani kutoka Kivu mpaka Tabora.

Upande wa Waingereza katika Afrika Mashariki walitumika wapagazi kama milioni moja, na makadirio ya waliokufa yanakaribia 100,000, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu, siyo kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki midomoni mwetu bila sisi kujua: Kariakoo ya Dar es Salaam inatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Tunakwenda pale kununua viatu.

Nani alikaa kwenye giza la jumba la sinema kuwatafuta hao? Hakuna mama wa Fizi au wa Ujiji aliyelipa kiingilio amwone mwanawe akipita na mzigo. Hakuna aliyebishana gazetini kama ni halali kuonesha kifo chao. Mwezi wa Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Misri na India, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Miaka zaidi ya mia imepita.

Kwa hiyo nikimsikia mtu akisema picha za vita zisitazamwe kabisa, nafikiria wale ambao hawana hata picha ya kukatazwa. Na nikimsikia mwingine akisema tuoneshe kila kitu, watu wajionee, nafikiria ule moto tuliouwasha nje kwa ajili ya video ya nchi nyingine, na yule mzee na fimbo yake.

Yule mfanyakazi wa shirika na mimi tumeshazungumza mara tatu sasa. Hatujakubaliana. Yeye anasema lazima awepo mtu wa kuzungumza na watakaoguswa, na hilo nimelikubali. Anataka pia tukate picha za maiti. Hilo nimekataa, halafu nikalala nikalifikiria, na bado nalifikiria. Vijana wanataka nitafute filamu yenye sauti. Yule mama wa mstari wa tatu ameniomba kitu kimoja tu: nirudie kile kipande cha askari wanaopita wakicheka, na safari hii niende polepole.

Tutaionesha tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili jioni, ukumbi uleule. Kabla ya kuanza nitasema picha za majeruhi zinaanza wapi, ili asiyetaka asishtukizwe. Mlango wa nyuma utabaki wazi muda wote, na nje ya mlango huo tutaweka benchi.